Upimaji wa Volteji na Mkondo wa Transfoma ya Usambazaji Ikiwa na Mzigo

Makala haya yanahusu swali moja la upimaji: je, volteji inayosomwa kwenye transfoma isiyo na mzigo inatosha kuthibitisha kwamba transfoma hiyo inamudu kazi yake? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba haitoshi. Usomaji huo huonesha uwiano wa mizunguko ya koili, lakini kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa omu 0.05 hakipunguzi volteji yoyote pasipo mkondo. Mkondo wa ampea 100 ukipita, kiungo hicho hicho hupoteza volti 5 na kuzalisha joto la wati 500.

Tuchukue transfoma ya fezi tatu ya kVA 100, yenye volti 400 upande wa pili, impidansi ya asilimia 4 na upotevu wa wati 1,750 katika koili kwa mzigo kamili. Mkondo wake kamili ni takribani ampea 144. Bila mzigo, kila fezi husoma volti 231 dhidi ya nyutro. Kwa mzigo kamili wa hita, volteji hushuka hadi karibu 227. Kwa mota za mashine za kusaga, zenye kipengele cha nguvu cha 0.8, hushuka hadi karibu 223. Kwa hiyo volteji iliyoandikwa bila mkondo na kipengele cha nguvu vya wakati uleule haifasiriki.

Nyutro ndiyo husahauliwa zaidi, nayo ndiyo yenye habari nyingi. Fezi zikibeba ampea 140, 90 na 40 kwa kipengele cha nguvu kilekile, jumla ni kama kVA 62, na mkaguzi anayetazama jumla ataridhika. Hata hivyo, fezi moja imekaribia kikomo na nyutro inabeba takribani ampea 87. Hamoniki ya tatu, itokanayo na vifaa vya kielektroniki, haifutiki kwenye nyutro bali hujumlishana. Ndiyo maana ameta ya kubana waya iwe ya kupima thamani fanisi halisi; ile ya wastani husoma pungufu pale umbo la wimbi linapoharibika.

Katika maeneo ya makazi vipimo vichukuliwe jioni, mzigo unapopanda, na virudiwe baada ya saa kadhaa, kwa kuwa joto la mafuta hupanda polepole kuliko mkondo.