Kuazima na Kukopa: Mipaka ya Maana

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Msangano, mkoani Songwe, anapomwambia mwenzake kwa Kiingereza borrow me your pen, mwalimu humsahihisha upesi kwamba alipaswa kusema lend. Masahihisho hayo ni sawa, lakini chanzo cha kosa aghalabu huachwa bila kuelezwa. Kiingereza humpa anayepokea kitenzi chake na anayetoa chake. Kiswahili, lugha aliyofundishiwa mwanafunzi huyo katika shule ya msingi, hutumia kuazima kwa pande zote mbili. "Nimeazima plau kwa jirani" na "jirani ameniazima plau" huelezea tukio lile lile. Kinachobainisha mwelekeo ni mtenda na kiambishi cha yambwa, wala si mzizi wa kitenzi. Kijerumani nacho hufanya hivyo hivyo kwa kitenzi leihen, na hakuna anayesema kwamba Wajerumani hawajui kutofautisha kutoa na kupokea.

Kwa upande mwingine, Kiswahili kina mpaka ambao borrow haiuonyeshi hata kidogo. Mkulima huazima plau, lakini hukopa mbegu. Plau hurudi lenyewe, pengine likiwa limepungua makali. Mbegu huishia ardhini, na kinachorudi baada ya mavuno ni mahindi mengine. Kwa hiyo kilichoazimwa hurudishwa, ilhali kilichokopwa hulipwa. Methali zimeushika mpaka huo barabara: nguo ya kuazima haisitiri matako, kwa kuwa mwenyewe aweza kuidai wakati wowote, na kukopa harusi, kulipa matanga. Ukibadilishana vitenzi katika methali hizo, zote mbili huvunjika.

Fedha ndizo zenye utata. Noti iliyotumika hairudi, hivyo ingetarajiwa fedha zikopwe tu. Hata hivyo, mtu husema, "Ndugu yangu, niazime elfu kumi hadi kesho." Hapa msemaji hakosei. Anachagua kitenzi cha plau ili deni lionekane dogo, la muda mfupi, lisilo na riba wala maandishi. Huo ni upole wa kijamii, nao una gharama yake pindi uhusiano unapoharibika na shauri kufikishwa mahakamani.

Tangu mwaka 2021, Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, suala hili limemfikia mfasiri. Akikutana na borrow, kamusi ya lugha mbili haimtoshi; hana budi kwanza kuuliza kinachopaswa kurudi ni kitu kile kile au ni thamani yake. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, aliyekabidhiwa mali ya mwingine hupimwa kwa uangalifu wake. Plau la kuazima likiibwa ilhali alilitunza ipasavyo, aweza kujitetea. Magunia ya mahindi aliyokopa yakiibwa, deni lingali palepale.