Jengo la Chuma Hupimwa Kwenye Maungio

Mtu akitaka kujua kama jengo la fremu ya chuma ni imara, hutazama unene wa nguzo na boriti. Kipimo hicho hakitoshi. Boriti hutoka kiwandani ikiwa imekwisha kupimwa na nguvu yake inajulikana. Maungio hutegemea zaidi mikono ya watu, mengine yakifungwa juu kabisa kwenye jukwaa. Hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Tarehe 17 Julai 1981, mjini Kansas City, Marekani, vivuko vilivyoning'inizwa ndani ya ukumbi wa hoteli viliporomoka na kuua watu 114. Awali mchoro ulionyesha fito ndefu za chuma zikitoka darini, zikipita kivuko cha juu hadi cha chini. Ili kurahisisha kazi, kila ufito ukagawanywa: mmoja ubebe kivuko cha juu, mwingine uning'inize cha chini kwenye boriti za kile cha juu. Badiliko dogo, ukilitazama kwenye karatasi. Lakini nati iliyokusudiwa kubeba kivuko kimoja sasa ilibeba viwili. Boriti ikatanuka, nati ikapenya, vivuko vikaanguka na kuacha fito zikining'inia darini.

Wapo watakaosema dawa ni kuachana na bolti, tuchomelee, tena kwa wingi. Tetemeko la Northridge, karibu na Los Angeles, Januari 1994, liliijibu hoja hiyo vibaya: majengo ya chuma yaliyoaminiwa kuliko yote yalikutwa na nyufa kwenye maungio yaliyochomelewa, nyingine zikionekana tu baada ya kubandua vifuniko. Suluhisho mojawapo lililofuata linashangaza kidogo: boriti hupunguzwa upana karibu na nguzo, ili tetemeko likija ipinde pale kabla kiungo hakijapasuka. Wengine watasema hatari kubwa ni moto, si maungio. Hoja hiyo ni nzito zaidi, maana kwenye nyuzi joto 600 hivi chuma hubaki na takriban nusu tu ya nguvu yake. Lakini kinga za kupulizia zipo, mradi zifunike na maungio.

Kwa hiyo wewe unayejenga godauni au ghorofa ya chuma, usiishie kuuliza bei ya boriti. Mtake mkandarasi akupe michoro ya maungio iliyosainiwa na mhandisi, na fundi akitaka kubadilisha chochote, mhandisi huyo apige hesabu upya kabla bolti haijakazwa.