Chuo Kikuu cha Kesho Kitakuwaje?

Vijana wenzangu wa Kidato cha Sita wakizungumza juu ya elimu ya juu, hugawanyika pande mbili. Wa kwanza husema kwamba siku zijazo hapatakuwa na haja ya mabweni wala kumbi za mihadhara. Kila mtu atasoma kwa simu akiwa kwao. Wa pili hujibu kwamba chuo kisicho na majengo si chuo. Mimi naona yafaa kwanza tutazame tulikotoka.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba, 1961, kikiwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Kilihamia Mlimani, mahali kilipo leo, mwaka 1964. Basi chuo kilitangulia, majengo yakafuata. Tena sheria ya mwaka 1992 ilianzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake husoma wakiwa mikoani mwao, wengine huku wakifanya kazi. Kwa hiyo hilo linalodhaniwa kuwa jambo geni limetuzidi sisi umri.

Lakini si kila elimu yaweza kupatikana kwa simu. Anayesomea udaktari hapana budi amguse mgonjwa mbele ya mwalimu wake. Anayesomea kilimo sharti aingie shambani na katika maabara. Tena simu yataka umeme na bando. Mtoto wa mkulima akikosa nauli hafiki chuoni. Akikosa bando, hafiki vilevile. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, husaidia wengi, lakini mkopo ni deni, nalo hulipwa.

Kwa maoni yangu, chuo cha kesho kitachanganya yote mawili: nadharia itasomwa popote, vitendo vitafanywa penye vyombo na walimu. Atakayefaulu humo ni yule awezaye kusoma peke yake, bila kengele wala kiranja. Wanafunzi wenzangu, tuanze kujizoeza sasa. Nanyi wazazi wetu, mnapotuchagulia chuo, msiulize tu majengo yake yakoje. Ulizeni: mwanangu atafundishwa na nani, na vitendo atavifanyia wapi?