Kilasi ikikwanguliwa, alimaji inarudishwa nyuma

Pikipiki ya mipigo miwili, kama Yamaha AG 100 au DT 125, ni ile inayochoma esansi pamoja na mafuta ya injini. Ina vyuma vichache, ndiyo maana ni rahisi kuibadilisha. Mwenyewe akitaka ipande mlima na mzigo, fundi anakwangua kilasi ili hewa ibanwe zaidi. Nguvu inaongezeka kweli. Lakini kazi haijaisha: inabaki alimaji, yaani ile saa buji inatoa cheche.

Cheche haingoji pistoni ifike juu kabisa, sababu esansi haiwaki yote mara moja. Injini ikizunguka mara 6000 kwa dakika, digri 20 za mzunguko zinapita kwa sehemu moja tu ya 1800 ya sekunde. Kwa hiyo cheche lazima iwahi kidogo.

Hapo ndipo wengi wanapotea. Wanafikiri cheche ikiwahi zaidi, nguvu nayo itazidi. Kumbe esansi iliyobanwa sana inawaka haraka zaidi. Alimaji ikiachwa vile ilikuwa, kishindo kinaikuta pistoni ingali inapanda. Injini inagonga kama vijiwe ndani ya kopo, joto linazidi, na mwishowe kichwa cha pistoni kinatoboka. Esansi hafifu ya kando ya barabara inaharakisha hatari hiyo.

Hata njia inahesabika. Bukavu iko karibu mita 1500 juu, na hewa yake ni nyepesi. Uvira, kando ya Tanganyika, iko karibu mita 800, na hewa yake ni nzito zaidi. Injini iliyotulia Bukavu inaweza kuanza kugonga ikisha kuteremka Ngomo.

Kupima ni hivi. Kianzio ni kipimo cha kiwanda cha pikipiki ile. Buji inatolewa, kipimo chenye mshale kinaingizwa tunduni ili kupata kilele cha pistoni, halafu volani inazungushwa kinyume kidogo kidogo. Pistoni ikiwa na mwendo wa milimita 50, digri 20 ni kama milimita 1,9 chini ya kilele. Digri moja haifiki milimita 0,2. Jicho peke yake haliwezi.

Kisha skrubu za sahani ya bobini zinalegezwa. Sahani ikisogezwa upande volani inakozungukia, cheche inachelewa; ikisogezwa kinyume, inawahi. Fundi anachelewesha digri moja, anakaza, anajaribu mlimani, anaangalia buji. Vidoa vinavyong'aa kama aluminiamu kwenye sehemu yake nyeupe ni pistoni inayoanza kuliwa. Lakini ikicheleweshwa kupita kiasi, nguvu inapotea na bomba la moshi linachemka.

Digri moja haina bei. Pistoni na segma mpya zinalipwa na pesa ya chakula cha nyumbani, na siku zile pikipiki imelala garaji hakuna nyingine inayoingia.