Kabila, Ukabila na Istilahi Inayokosekana

Neno kabila hutumiwa na wafasiri wetu kana kwamba maana yake haina utata. Sisi twaona linao.

Tuanzie Mikese, kituo cha reli ya kati mashariki ya mji wa Morogoro. Mkazi wa hapo akiulizwa asili yake na Mluguru mwenzake, hutaja lukolo, yaani ukoo wa mama yake. Akiulizwa na mgeni wa Dodoma, hujibu kuwa yeye ni Mluguru. Akifika Nairobi, ni Mtanzania. Wala hasemi uongo popote. Jina Mluguru lenyewe lilikuwa la mahali: mtu wa milimani. Ni utawala wa Waingereza, tangu 1926, uliotaka kila kabila liwe na mipaka na mtawala wake. Uchifu ulifutwa 1963, na sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza kabila. Lakini jina limebaki misibani, katika utani na katika nasaba. Waluguru huhesabu nasaba kwa mama, Wagogo kwa baba. Basi mtoto wa mama Mluguru na baba Mgogo hudaiwa na pande zote mbili. Wazazi wakibadilishana, kwa kanuni hizo hizo hadaiwi na yeyote. Fomu yenye nafasi moja ya "kabila" haimjui mtoto huyu.

Neno hilo hilo hupelekwa Rwanda. Wahutu na Watutsi husema Kinyarwanda kimoja na wameishi vilima vile vile. Utawala wa Wabelgiji uliandika tofauti yao katika vitambulisho miaka ya 1930, na mwaka 1994 karatasi hiyo iliamua nani auawe kwenye vizuizi vya barabarani. Mfasiri anayeandika tu "makabila mawili" humfanya msomaji wa Mikese awafikirie Waluguru na Wagogo, na mauaji yaliyopangwa yakaonekana ugomvi wa majirani wa lugha mbalimbali.

Tena, kutokana na taifa tumepata utaifa, nayo ni sifa. Kutokana na kabila tumepata ukabila, nayo ni tuhuma. Hali ya kuwa mtu wa kabila fulani bila kumbagua mwingine haina jina. Twapendekeza ukabila ubaki na maana ya upendeleo, na hali hiyo iitwe ujadi. Kwa makundi ya Rwanda, jamii lafaa kuliko kabila, ingawa ni pana mno. Msomaji mwenye neno bora na atuandikie.