Kuuguza Nyumbani, Milima ya Upare

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Chome, wilayani Same, chini ya mlima Shengena. Vijana wengi wameshuka Same mjini, Moshi na Dar es Salaam kutafuta riziki. Wazee wamebaki na migomba yao. Kumteremsha mgonjwa wa kiharusi hadi hospitali si kazi ndogo, hasa masika barabara zikiteleza. Uangalizi mwingi hufanyika nyumbani.

Napiga hodi, naamkia, "Shikamoo bibi," nanawa mikono, ndipo naanza. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, maana damu isipopita vizuri penye mifupa, ngozi hufa na kidonda huanza. Nakagua visigino, nyonga na kiuno. Uji namlisha akiwa ameketi, kijiko kimoja kimoja, nikingoja ameze, kwani kiharusi huweza kulegeza koo na chakula kikaingia mapafuni.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wenye mafunzo ndani yake. Nilifurahi sana, kwa sababu kazi hii inataka ujuzi, haitoshi huruma peke yake. Malipo yangu makubwa ni kumwona bibi aliyekuwa hainuki akishika kikombe mwenyewe.

Wenye mgonjwa nyumbani, pangeni zamu. Msimwachie binti mmoja mzigo wote. Anayeuguza naye huchoka, naye anastahili kulala.