Pikapu ya kebini mbili: Viti vitano vinavyokula nafasi ya gunia

KILA msimu wa mavuno unapomalizika na fedha za mahindi na viazi mviringo zikaingia mfukoni, swali moja huzuka miongoni mwa wakulima wa Njombe, Iringa na Mbeya waliofanikiwa: sasa linunuliwe gari gani? Jibu la wengi huwa tayari mdomoni. Ni pikapu ya kebini mbili, ile inayobeba watu watano mbele na mzigo nyuma, inayokwenda shambani Jumatatu na kanisani Jumapili.

Hoja yao si ya kubeza. Toyota Hilux, ambayo ndiyo inayotajwa zaidi, imekuwa sokoni tangu mwaka 1968, na kwa miaka yote hiyo imejijengea jina katika barabara ambazo magari madogo huziogopa. Bodi yake imekaa juu ya chesisi ya chuma, si kama magari ya saluni ambayo bodi yenyewe ndiyo mhimili. Nyuma ina springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, ambazo fundi wa kijijini anaweza kuzifungua na kuongeza kipande. Ipo juu vya kutosha kupita mitaro, na yenye uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne ikiwekwa kwenye gia nzito hupanda mlima wa utelezi ambao basi hushindwa.

Kuna jambo jingine ambalo mfanyabiashara hulipenda zaidi ya hayo yote: gari hili halipotezi thamani haraka. Vipuri vyake, vya kiwandani na vya kuiga, hupatikana hadi kwenye miji midogo, na anayeuza hakosi mteja. Isuzu D-Max, Ford Ranger na Mitsubishi L200 nazo zina wapenzi wao, ingawa upatikanaji wa vipuri hutofautiana mji hadi mji. Ni busara kuuliza fundi wa karibu kabla ya kumuuliza muuzaji.

Hata hivyo, kasoro kubwa ya pikapu hii ipo mahali ambapo mnunuzi huangalia mwisho, yaani nyuma. Bodi ya mizigo ya Hilux ya kebini mbili ina urefu wa takriban mita 1.5 tu. Ya kebini moja hufikia kama mita 2.3. Sentimita 80 hivi zilizopotea ndizo zilizogeuzwa kuwa kiti cha nyuma. Mwenye kabichi, matenga ya nyanya au majani makavu ya ng'ombe, yaani mzigo mwepesi unaotaka nafasi, hulijua hilo siku ya kwanza tu ya kupakia.

Mwenye mahindi naye asidhani amepona. Uwezo wa pikapu hizi kwa kawaida ni takriban tani moja, na wengi hawafahamu kuwa watu waliokaa mbele nao wamo ndani ya tani hiyo. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350. Ongeza vyuma vya kupamba mbele, fremu ya turubai na tairi la akiba la pili, na kilo 100 nyingine zimekwenda. Zinabaki kilo 550, ambazo ni mifuko 11 ya mbolea ya kilo 50. Gari linalosifiwa kuwa ni mawili katika moja haliwezi kuwa yote mawili katika safari moja.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye gunia 60 za mahindi za kilo 100, aliye kilomita 60 kutoka ghala la Makambako. Akiwa mbele na dereva wake, na bila mapambo yoyote, anaweza kubeba gunia 8 kwa safari bila kuzidisha. Hizo ni safari 8, kilomita 960 kwenda na kurudi. Kwa ulaji wa kilomita 9 kwa lita, ametumia zaidi ya lita 106 za dizeli. Canter ya tani 3 ingemaliza kazi hiyo kwa safari mbili, na hata ikila lita moja kwa kilomita 5, itatumia lita 48. Tofauti hiyo haijahesabu matairi, posho ya dereva wala siku ambazo bei ya mahindi inaweza kushuka wakati nusu ya mzigo bado iko nyumbani.

Wengi hujibu hesabu hiyo kwa kuzidisha. Gunia 15 hupangwa, na lumbesa za viazi ndiyo balaa kabisa, kwa kuwa hakuna ajuaye uzito wake hasa. Katika pikapu ya kebini mbili, sehemu kubwa ya bodi iko juu ya ekseli ya nyuma na kupita nyuma yake. Mzigo ukizidi, pua ya gari huinuka, usukani huwa mwepesi na breki za mbele hukosa mshiko, jambo la hatari kwenye mteremko. Baada ya muda chesisi hupinda au kupasuka nyuma tu ya kebini.

Je, gari hili linamfaa nani basi? Linamfaa mwenye mzigo mdogo wenye thamani kubwa na anayehitaji watu wa kuushughulikia. Mwenye duka la pembejeo anayesambaza mbegu na dawa, mwuza vifaranga, au mkulima wa parachichi anayekwenda shambani na wachumaji wanne na kurudi na kreti chache, hao wanakitumia kiti cha nyuma kila siku. Mwenye gunia za kusafirisha mara mbili kwa mwaka anafanya vizuri zaidi kukodi Canter na kujinunulia gari dogo la kutembelea. Mzigo wa mjini usiozidi kilo 350 ni kazi ya kirikuu, ambayo mafuta yake ni kidogo.

Upande wa injini, zama zimebadilika. Dizeli za zamani, kama 3L na 5L za Hilux, zilivumilia mafuta ya kwenye dumu. Zilizofuata, zikiwamo za D-4D zilizoenea na toleo la Vigo kuanzia mwaka 2004, husukuma dizeli kwa presha inayozidi mara 1,000 ya presha ya hewa. Zina nguvu zaidi na ulaji mzuri, lakini maji au vumbi kidogo huua nozeli, na seti ya nozeli mpya ni fedha ya kununulia ng'ombe. Mafuta ya taa yakichanganywa humaliza pampu pia. Mwaka 2010 EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa hiyo. Pamoja na hayo, filta ya dizeli ibadilishwe kwa wakati, na filta ya bei ya kutupwa iachwe dukani.

Wapo watengenezaji waliojaribu kulainisha pikapu ili ifanane na gari la kifahari. Nissan Navara iliyotoka mwaka 2014 iliwekewa springi za duara nyuma katika masoko mengi, na Mercedes-Benz ikajenga X-Class juu ya gari hilo mwaka 2017, kisha ikaacha kuitengeneza mwaka 2020. Springi hizo hupunguza kuruka gari likiwa tupu, lakini zikichoka fundi wa kijijini hana kipande cha kuongeza.

Kwa anayenunua lililotumika, gari liinuliwe na chesisi ikaguliwe nyuma ya kebini. Rangi mpya mahali hapo peke yake ni dalili ya kuchomelewa. Springi zilizoongezwa vipande zinaeleza jinsi lilivyobebeshwa. Halafu lipakiwe gunia nane, lipandishwe mlima mrefu, na fundi akae pembeni ya dereva akisikiliza turbo na kutazama moshi.